Kompyuta na Maharage Yetu

Muhula uliopita sisi wa klabu ya kilimo hapa Kasulu tulipanda maharage katika vipande kumi vilivyo sawa kwa ukubwa. Vitano tulivitia samadi ya ng'ombe, vitano tukaviacha. Vile vya samadi vilitoa kilo 4, 5, 6, 5 na 5. Visivyo na samadi kilo 4, 4, 5, 3 na 4. Tukashangilia kuwa samadi imeshinda, na wazazi wengine wakaanza kuulizia bei yake.

Likizo ilipofika nilikwenda kwetu Kibondo na daftari langu. Kaka yangu, asomaye chuo kikuu, ana kompyuta yenye programu ya takwimu iitwayo R. Programu hii ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya 1990, na mtu ye yote aweza kuipata bila kulipa senti. Iko pia SPSS, iliyoanza Marekani mwaka 1968, lakini hiyo huuzwa, na bei yake si ya mfuko wa mwanafunzi.

Kaka aliniambia niziandike namba mwenyewe. Kufumba na kufumbua jibu likatoka: wastani wa vipande vya samadi ni kilo 14! Nilifurahi mno. Kaka akauliza, "Mdogo wangu, ni kipande gani hicho kilichotoa kilo 14?" Kumbe badala ya 5 nilikuwa nimeandika 50. Kompyuta haijapata kushika jembe. Ilijumlisha 70, ikagawa kwa 5, ikanyamaza.

Baada ya kusahihisha, wastani ulikuwa kilo 5 penye samadi na kilo 4 pasipo samadi. Ndipo kaka akaiuliza programu swali ambalo sisi hatukulifikiri: je, tofauti hii yaweza kuwa ya bahati tu? Jibu likawa 0.056. Maana yake, lau samadi isingekuwa na nguvu yo yote, tofauti kubwa namna hii au zaidi ingetokea kwa bahati mara 56 hivi katika majaribio 1,000. Watafiti wengi hushika kikomo cha 0.05, alichokieneza Ronald Fisher katika kitabu chake cha mwaka 1925, alipokuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Sisi tulikipita kidogo tu.

Nikanuna, nikasema, "Basi samadi haifai?" Kaka akacheka. Programu haikusema hivyo. Vipande kumi ni vichache mno kukata shauri. Nami naona kikomo hicho chaheshimiwa kupita kiasi, kwani 0.056 na 0.049 ni ndugu.

Lakini swali lake la mwisho lilinitia haya: vile vipande vya samadi vilikuwa wapi? Vyote vilikuwa bondeni karibu na maji, kwa sababu ndoo za samadi ni nzito, na hakuna aliyetaka kupanda nazo mlima. Basi huenda ni samadi, huenda ni maji. Hakuna programu iwezayo kututenganishia hayo baada ya kuvuna.

Muhula huu tumepima vipande ishirini, bondeni kumi na mlimani kumi. Kila mahali vitano vitatiwa samadi, navyo tumevichagua kwa kuokota vikaratasi kofiani. Ndoo zitapanda mlima. Wazazi waliotuuliza juu ya samadi, twawaomba wangoje mavuno haya kabla ya kutoa fedha zao.