Iraq 2003: Mashaka Yaliyoachwa Njiani

Mjadala kuhusu vita vya Iraq umekwama kwenye swali moja: je, George W. Bush na Tony Blair waliamini kweli kwamba Saddam Hussein alikuwa na silaha za maangamizi? Wanaowatetea husema waliamini, hivyo walikosea tu. Wanaowashutumu husema walijua fika kwamba hapakuwa na kitu. Swali hilo halina mwisho, kwa kuwa ya moyoni hayana shahidi. Lipo jingine ambalo nyaraka zinalijibu: wataalamu waliwaambia viongozi jambo hilo wakiwa na uhakika kiasi gani, na viongozi walipolifikisha kwa wananchi uhakika huo ulikuwa umepanda kiasi gani? Serikali inayomtaka mzazi amtoe mwanawe aende vitani inawajibika kwa tofauti hiyo, hata kama yenyewe inaamini kila neno inalolitamka.

Mfano mzuri ni mabomba ya alumini ambayo Iraq ilijaribu kuyanunua nje, na shehena yake moja ikanaswa mwaka 2001. Wachambuzi wa CIA walisema ni ya mitambo ya kurutubisha urani. Wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, ambao ndio wanaoifahamu mitambo hiyo, walipinga: vipimo vyake vililingana na vya maroketi ya kawaida ya jeshi la Iraq. Ubishi huo ulikuwapo ndani ya serikali tangu 2001. Hata hivyo, Septemba 2002 Condoleezza Rice, mshauri wa Rais wa usalama wa taifa, aliwaambia watazamaji wa televisheni kwamba mabomba hayo yalifaa hasa kwa mradi wa nyuklia tu. Mwezi uliofuata, tathmini ya siri ya mashirika ya ujasusi ilibeba pingamizi za wazi, ilhali muhtasari uliotolewa hadharani, kama Kamati ya Ujasusi ya Seneti ya Marekani ilivyobaini mwaka 2004, ulikuwa umepunguziwa maneno mengi ya tahadhari.

Dai kwamba Iraq ilitafuta urani nchini Niger linasikitisha zaidi. Oktoba 2002 CIA iliomba dai hilo liondolewe kwenye hotuba ya Bush ya Cincinnati, likaondolewa. Januari 28, 2003, likajitokeza tena katika hotuba yake kwa taifa, safari hii likibebeshwa jina la serikali ya Uingereza. Wiki chache baadaye, Machi 7, Mohamed ElBaradei wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki alilieleza Baraza la Usalama kwamba hati zilizohusu biashara hiyo hazikuwa halisi. Barua mojawapo ilikuwa na saini ya waziri aliyekuwa ameacha wadhifa miaka mingi kabla. Isitoshe, Iraq tayari ilikuwa na mamia ya tani za urani ghafi huko Tuwaitha, chini ya lakiri ya shirika hilohilo. Iraq haikuwa na uhaba wa madini hayo.

Watetezi watasema, na kwa haki, kwamba hata majasusi wa nchi zilizopinga vita walikuwa na wasiwasi. Saddam alikuwa amewaua Wakurdi wa Halabja kwa gesi mwaka 1988, na kwa miaka mingi aliwadanganya wakaguzi. Kumshuku hakukuwa kosa. Lakini Ufaransa na Ujerumani, zikiwa na wasiwasi huohuo, zilitaka ukaguzi uendelee. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa, chini ya Hans Blix, walirudi Iraq Novemba 2002 na kufanya kaguzi zipatazo 700 bila kukuta maghala ya silaha yaliyokuwa yakisemwa. Machi 7 Blix alisema kazi iliyobaki ilihitaji miezi, si miaka. Miezi hiyo hakupewa. Vita vilianza Machi 20. Mwenye shaka ya kweli angekuwa wa kwanza kungoja jibu.

Pingamizi jingine ni kwamba tume zilizochunguza hazikusema viongozi walidanganya. Ni kweli, lakini kadhaa zilipewa kazi ya kuchunguza ujasusi, si namna wanasiasa walivyoutumia. Kamati ya Seneti ilipogeukia hilo mwaka 2008, ilikuta kauli nyingi kuhusu silaha zina msingi katika ripoti za ujasusi, ila mara nyingi zilificha mabishano ya wataalamu. Zile za ushirikiano wa Saddam na al-Qaeda hazikuwa na msingi huo. Nchini Uingereza, ripoti ya 2016 ya uchunguzi wa vita hivyo ulioongozwa na John Chilcot ilisema hukumu kuhusu silaha zilitolewa kwa uhakika usiostahili.

Kwamba Saddam alikuwa dikteta katili hakuna anayebisha, ila hiyo siyo hoja kuu waliyopewa wabunge. Wabunge wa Uingereza, tena, hata upande wa sheria walipewa nusu. Machi 7, 2003, Mwanasheria Mkuu, Lord Goldsmith, alimwandikia Blair waraka wa kurasa 13 uliojaa mashaka kuhusu kuingia vitani bila azimio jipya la Umoja wa Mataifa. Siku kumi baadaye Bunge lilipewa jibu lake fupi kwamba vita ni halali, bila mashaka yale, na kesho yake likapiga kura. Waraka kamili ulichapishwa Aprili 2005.