Ali, Foreman na Kelele za Kinshasa

Tarehe 30 Oktoba 1974, watu wa Kisumu walipokuwa wakiamka saa 12 asubuhi, huko Kinshasa, Zaire ya siku hizo, ilikuwa saa 10 za usiku, na kiwanja kilijaa watu waliokesha ili kuwaona Muhammad Ali na George Foreman wakipigana.

Foreman, bingwa wa dunia mwenye miaka 25, alikuwa hajapata kushindwa katika mapigano 40. Ali alikuwa na miaka 32, na ubingwa wake alinyang'anywa mwaka 1967 alipokataa kwenda vitani Vietnam. Umati ulimpenda, ukamwitia kwa Kilingala, "Ali, boma ye!" yaani, muue!

Lakini Ali aliegemea kamba, akajikinga, akapigwa makonde mazito. Wasimamizi wake wakamsihi atoke kambani, hakutoka. Kumbe alikuwa akimchosha mwenzake! Katika raundi ya 8 alimrushia makonde ya haraka, Foreman akaanguka, akahesabiwa. Hofu ikageuka shangwe. Subira yavuta heri.

Neno "muue" lilikuwa la kushangilia tu. Walakini Kenya yaujua uzito wake, kwani Robert Wangila, aliyeshinda nishani ya dhahabu katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas mwaka 1994 kwa majeraha ya pigano. Basi mpenzi wa ngumi na ausifu ustadi na uvumilivu, wala asisahau kwamba yule aangukaye naye ni mtoto wa mtu.