KABLA HUJAHAMA MJI, JIULIZE: MTAJI WAKO NI HELA AU NI UKARIBU?

Tangu watu wajue niko Dodoma, inboksi imejaa swali moja tu: "Dada, na mimi nihame? Dar imeshajaa." Wengine wako Mbeya na Mwanza, wao ndio wanataka kwenda Dar. Nimeona bora niyaweke yote hapa.

Mimi nauza nguo za watoto. Nilianzia Tandika, Dar, nikiwa naishi kwa shangazi. Sasa hivi nina fremu ndogo Majengo, Dodoma. Sitakwambia hama, wala sitakwambia usihame. Nataka tu ujue nini unahama nacho na nini unakiacha.

1. JUA UNAUZA KWA MTINDO GANI

Wauzaji wa mtandaoni tuko wa aina mbili. Kuna mwenye mzigo wake ndani, ameshaulipia. Halafu kuna asiye na mzigo: anapiga picha Kariakoo, anaposti, oda ikiingia anakimbia dukani, anaongeza cha kwake, bodaboda anapeleka. Hakuna ubaya hapo. Wengi tumeanza hivyo, na mawinga wa Kariakoo wanalea familia kwa kazi hiyo hiyo.

Sasa elewa hapa. Huyu wa pili mtaji wake siyo hela, ni ukaribu na Kariakoo. Ukimtoa Dar, umemnyang'anya mtaji wote. Kutoka Dar mpaka Dodoma kwa barabara ni kama kilomita 450. Mteja anataka gauni la mtoto leo jioni, wewe unamwambia asubiri basi la kesho. Atasubiri mara moja, ya pili hasubiri. Kwa hiyo ukihama, lazima uwe na hela ya kuweka mzigo ndani. Na mzigo ukishakuwa ndani, saizi ikikataa kutoka au fasheni ikipita, hasara ni yako, siyo ya mwenye duka.

Wewe wa mkoani unayetaka kwenda Dar, kwako ni kinyume chake. Utasogea karibu na mzigo, lakini utakuwa mbali na mteja aliyekuwa anakutegemea kwa sababu kwao hicho kitu hakipatikani. Mteja wa Dar anaweza kupanda daladala akaenda Kariakoo mwenyewe. Jiulize atakuja kwako kwa lipi?

2. FAIDA NILIZOZIONA

Washindani wachache. Dar nilikuwa nikiposti gauni, watu kumi wanalo hilo hilo na mmoja kashusha bei. Huku nikileta kitu kizuri, kinakaa siku kadhaa kikiwa changu peke yangu.

Wateja unaoweza kuwasoma. Serikali ilianza kuhamia huku kwa nguvu mwaka 2016, kwa hiyo watumishi ni wengi. Mshahara ukitoka, simu hailali. Katikati ya mwezi kunapoa. Ukishajua hivyo, unajua lini ulete mzigo na lini ushike hela mkononi.

Usafiri umerahisishwa. Treni ya SGR ilianza safari za Dar na Dodoma mwaka 2024, ni kama saa 4 hivi. Naenda kuchagua kwa macho yangu, siyo kwa picha. Lakini usipange kubeba maroba kwenye treni, mizigo ya abiria ina kikomo. Roba linakuja kwa basi.

3. HASARA ZAKE

Mali kauli. Hii inauma kuliko zote. Dar kulikuwa na duka wananipa mzigo bila hela, nauza, jioni napeleka chao. Waliniamini kwa sababu kila siku wananiona. Nilipohama wakaniambia kwa upole, "Dada, sasa tuma kwanza." Siwalaumu. Uaminifu wa aina ile unataka sura.

Watu. Kwa shangazi sikulipa kodi, na nikiwa sipo yeye ndiye anamkabidhi bodaboda mzigo. Hiyo sikuwahi kuiandika kwenye daftari, lakini ilikuwa hela. Ugenini kila kitu unalipia.

Wateja wa zamani. Mteja wa Dar akiambiwa aongeze nauli ya basi na asubiri, wengi wanaondoka kimya kimya.

Mahitaji tofauti. Dodoma Juni na Julai asubuhi kuna baridi, masweta ya watoto yanaenda. Dar sweta hilo hilo ungezeeka nalo. Huku pia kuna vumbi, nguo nyeupe usiitundike nje ya fremu bila mfuko.

4. PIGA HESABU KWENYE KARATASI

Tuseme chumba ni 80,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mpigo. Hiyo ni 480,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 80,000. Ukitaka na fremu ya 100,000, miezi 6 ni 600,000. Jumla 1,160,000, na hujanunua hata ndoo. Kama ulikuwa na 1,500,000, umebaki na 340,000. Hapo toa nauli na chakula, mzigo utanunua na nini?

Ndiyo maana nasema hela ya kuhama na hela ya mzigo ziwe mbali mbali. Na miezi ya kwanza uzia chumbani, fremu itakuja.

5. JARIBU KWANZA

Fungua oda zako za miezi 3, andika kila mteja yuko mji gani. Kama unakotaka kwenda una wateja wawili tu, anza kuwatafuta ukiwa huko huko uliko.

Nenda ukakae wiki mbili na mzigo kidogo. Kwa Dodoma, epuka Aprili mpaka Juni kama unaweza. Ni Bunge la bajeti, wageni wanajaa na gesti zinapanda.

Tafuta mtu mmoja wa kuaminika Kariakoo wa kukuchagulia na kukutumia mzigo. Elewaneni malipo yake mapema.

TIN yako ni ile ile, ila nenda TRA wajue umehama. Leseni ya biashara nenda kaulize halmashauri ya mji mpya. Namba ya simu usibadilishe kabisa, hiyo ndiyo duka lako.

Nyumbani kuna mdogo wangu yuko kidato cha tatu, daftari na nauli yake vinatoka kwenye hizi nguo. Biashara ikikwama ugenini, anayekwama siyo mimi peke yangu. Najua na wewe kuna mtu nyuma yako. Basi usihame kwa sababu fulani kahama na anaposti picha nzuri. Hama ukiwa unajua ukifika asubuhi ya kwanza, unauza nini, kwa nani, na mzigo unaofuata unatoka wapi.

Mtumie mwenzako aliyeanza kufunga mabegi.