Mama, Mtoto na Mjukuu: Mpango wa Maisha Ndani ya Kibanja

Januari ikiingia, Kibeta, kama kata nyingine za Manispaa ya Bukoba, hujaa watu wenye mipango: huyu kiwanja, yule duka, mwingine kurudi chuo. Orodha huwa ndefu. Mtu anayejua kuipunguza ni mwenye kibanja, shamba la migomba na kahawa.

Muulize mkulima mzoefu wa Kamachumu, wilayani Muleba, namna ya kujipangia maisha. Atakupeleka kwenye shina la mgomba. Hapo hubaki mimea mitatu tu: mama mwenye mkungu, mtoto atakayezaa baada yake, na mjukuu aliyeanza kuchungulia juu ya udongo. Machipukizi mengine hung'olewa, hata yawe yamenona namna gani. Yakiachwa yote, yatagombea maji na samadi ile ile, na mkungu utadumaa. Tena mrithi hachaguliwi kwa unene peke yake. Hutazamwa upande alioota, maana shina la mgomba husogea mwaka hadi mwaka, na mkulima asipokuwa makini litajikuta limelikumba shina jirani. Panga huinuliwa baada ya kutafakari. Kazi ngumu hapo ni kuondoa kilicho kizuri kwa kuwa zamu yake haijafika.

Katikati ya migomba kuna maharage ya miezi mitatu, kahawa ya robusta inayochukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa, na pembeni mhumula wa mbao, ambao aliyeupanda huenda asiupasue yeye. Mwenye lengo moja la mbali atalala njaa njiani. Kibanja kimelijua hilo zamani.

Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria wa migomba ulibainika Muleba. Mashina yakang'olewa mazima, mama hadi mjukuu. Walioanza upya walibadili mazoea: panga hupitishwa motoni kabla ya kugusa shina jingine, na ua dume huvunjwa kwa kijiti chenye panda. Lengo lilibaki lile lile, njia ndiyo iliyoandikwa upya.

Jambo ambalo kibanja hakijalipatia jawabu ni butura: kahawa kuuzwa ikiwa bado maua au mbichi mtini, kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga vita miaka mingi, nayo ingali ipo. Sare, daftari na dawa havingoji mavuno ya katikati ya mwaka. Ni kumwonea anayeuza hivyo kumwambia hana malengo. Anayo, na ameyatunza kwa jembe miaka mitatu; alichokosa ni fedha kidogo za kumvusha kutoka Januari hadi msimu wa kuchuma.

Je, chama cha msingi cha ushirika kinaweza kumkopesha Februari, kwa dhamana ya kahawa hiyo hiyo iliyo mtini? Riba iwe kiasi gani ili mkopo usigeuke butura nyingine? Na mke aliyeipalilia kahawa hiyo, nani humuuliza kabla maua hayajauzwa?