Ureno Kabla ya Machi 1916

Nimechoka kusikia kwamba Ureno haikuguswa na Vita Kuu ya Kwanza mpaka Ujerumani ilipoitangazia vita tarehe 9 Machi 1916, na kwamba hadi siku hiyo mpaka wa mto Ruvuma, kati ya koloni la Wajerumani na Msumbiji ya Wareno, ulikuwa shwari. Tarehe ni sahihi; ushwari ni uzushi. Agosti 1914 Lisbon haikutangaza vita, lakini wala haikutangaza kwamba haina upande. Uingereza, mshirika wake wa karne nyingi, ndiyo iliyotaka ibaki hivyo. Mwezi huohuo kikosi cha Wajerumani kilivuka Ruvuma, kikavamia kituo cha Wareno cha Maziúa na kumuua mkuu wake.

Ningeendelea na Wareno, ila sijui namna ya kuwaandikia watu wa Ruanda huko Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa nikaipita Liuli, iliyo kando ya ziwa hilo. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ilitokea pale na kuipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa meli hiyo ya Wajerumani, Berndt, alikuwa mnywaji mwenza wa Rhoades, na habari za vita hazikuwa zimemfikia. Alipanda mashua kwenda kumgombeza rafiki yake. Akaishia kuwa mateka. Mei 1915 Waingereza walirudi kuiharibu zaidi, kisha baadaye wakaitengeneza na kuitumia wenyewe. Na hapana, hiyo siyo meli ya Liemba! Liemba ni ya Ziwa Tanganyika, na jina lake la kwanza ni Graf von Götzen.

Turudi kwa Wareno. Mwanzoni mwa 1916 Uingereza ilipungukiwa na meli, na nyingi za Kijerumani zilikuwa zimekwama katika bandari za Ureno. Kwa ombi la Uingereza, Februari 23 Lisbon ilizikamata zilizokuwa katika mto Tagus. Berlin ikajibu kwa vita. Aprili Wareno waliteka Kionga, kusini mwa mdomo wa Ruvuma. Oktoba wakaingia Newala, na kabla ya mwaka kwisha wakatimuliwa. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akiwa hoi kwa kukosa silaha, alivuka mto na kuwapiga huko Ngomano, akaondoka na bunduki na risasi zao.

Kionga, hata hivyo, Wareno walipewa baada ya vita. Ndiyo maana leo mpaka wetu na Msumbiji unaufuata mto mpaka baharini.