Basi lisilobeba abiria: jinsi moduli za gari zinavyowasiliana

Anayetafsiri mwongozo wa ufundi wa magari hukutana mapema na maelezo kwamba moduli zote zimeunganishwa na basi. Neno hilo likiachwa bila ufafanuzi, msomaji hufikiria gari la abiria. Hata hivyo, maneno haya mawili ni ndugu: yote asili yake ni neno la Kilatini omnibus, yaani "kwa wote". Katika elektroniki, basi ni njia ya pamoja ya kupitishia taarifa. Tunapendekeza "njia ya pamoja ya data", au "basi la data" pale muktadha unapokuwa wazi.

Njia iliyoenea zaidi katika magari ni CAN, iliyobuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani na kutambulishwa mwaka 1986. Hutumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Njia ikiwa kimya, kila waya huwa na takriban volti 2.5. Moduli inapotuma biti ya sifuri, waya mmoja hupanda hadi volti 3.5 hivi, na wa pili hushuka hadi 1.5. Kinachosomwa ni tofauti kati ya nyaya hizo. Kwa hiyo mvurugo wa umeme unaozigusa zote mbili kwa pamoja hauharibu ujumbe kwa urahisi.

Hapa ndipo kitenzi kinapohitaji uangalifu. Sentensi "moduli ya breki huitumia dashibodi ujumbe" ina kasoro mbili. Kwanza, "-tumia" ya kutendea huchanganywa na "-tumia" ya matumizi. Pili, ujumbe wa CAN hauna anwani ya mpokeaji. Una namba inayotambulisha maudhui yake, kwa mfano kasi ya magurudumu. Moduli zote huusikia, na kila moja huchukua unaoihusu. Kitenzi kifaacho ni "kutangaza".

Moduli mbili zikianza kutangaza kwa wakati mmoja, yenye ujumbe wa namba ndogo huendelea. Nyingine hunyamaza na kurudia baadaye. Usiandike kwamba jumbe "hugongana", kwa kuwa hakuna unaoharibika. Andika kwamba mmoja "humpisha" mwenzake, au kwa upatanisho sanifu, "huupisha" mwingine.

Uteuzi huu wa maneno una gharama yake. Waya ukikatika, taa kadhaa za onyo huweza kuwaka pamoja ilhali moduli zote ni nzima. Mwongozo ukisema "moduli imekufa" badala ya "moduli haisikiki", fundi atanunua kifaa kisichohitajika. Angeanza kwa kupima nyaya, umeme ukiwa umezimwa: kila mwisho wa njia una kikinzani cha omu 120, hivyo kipimo cha kawaida kati ya nyaya mbili ni takriban omu 60. Akipata 120, atafute kwanza waya uliokatika au kikinzani kilichoachana na njia.

Mfano wa matumizi: Moduli ya injini haisikiki kwenye njia ya pamoja ya data, kagua nyaya kabla ya kuibadilisha.