"RANGI YA NGOZI" YA KICHINA SIYO NGOZI YA MTEJA WAKO

Wale mnaoagiza 1688 na Taobao hii inawahusu, hasa wa sidiria, taiti na vipodozi.

Neno linaloliza watu ni 肤色 (fuse). Simu inakutafsiria "rangi ya ngozi", mtu anajua hiyo ndiyo haitaonekana mwilini, analipia dazeni kumi. Mzigo ukifika ni rangi ya biskuti! Mchina akisema ngozi anamaanisha ya kwake. Sidiria hiyo dada mweusi wa hapa Kirumba akiivalia blauzi nyeupe inawaka kama taa. 肉色 (rouse, rangi ya nyama) ni yaleyale.

Kwa wateja weusi na maji ya kunde tafuta 咖啡色 (kafeise), rangi ya kahawa, au 巧克力色 (qiaokelise), chokoleti. Kwenye poda na faundesheni andika 深肤色, ngozi iliyokolea. 深 ni kukolea, 浅 ni hafifu. Halafu omba picha ya bidhaa ikiwa kwenye mkono wa mtu, maana kila kiwanda kinajipangia majina yake ya rangi.

Mtego mwingine ni 黄黑皮 (huangheipi). Watu wanaona 黑, nyeusi, wanakimbilia. Hapana. Huyo ni Mchina mwenye weusi wa Kichina, kwetu bado tunamwita mweupe. 小麦色, rangi ya ngano, naye hivyohivyo.

Sasa haya mawili usiyachanganye kabisa. 显白 (xianbai) wanaandika kwenye magauni na lipstiki, yaani rangi inayomfanya mvaaji aonekane mweupe. Ni maneno ya biashara tu. 美白 (meibai) ni kuing'arisha ngozi yenyewe, liko kwenye krimu, na hapo simama kwanza. Siyo kila meibai ina sumu, lakini zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS. Kwenye viambato zinaandikwa 汞 na 氢醌. Usipoziona usishangilie, anayeweka zebaki mara nyingi haandiki. Kama haijasajiliwa TBS usiilete, hata wakikuomba mkorogo inboksi kila siku. Mzigo ukikamatwa hasara ni yako, na uso ukiharibika ni wa mteja wako.

Hayo maneno yanakili hivyohivyo kwa Kichina ubandike kwenye sehemu ya kutafutia. Ukiandika Kiswahili 1688 haikuletei kitu.